Land Rover ya zamani: unanunua injini, chesisi au karatasi?

Tangu Land Rover zilipojazana Arusha kwenye tamasha la Oktoba 2024, swali limekuwa lilelile vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: ile Land Rover 109 iliyolala nyuma ya nyumba ya babu, ina bei gani? Majibu yanayotolewa ni mawili, na yote yanapotosha. Mmoja atakwambia hicho ni chuma chakavu, kapime kilo. Mwingine kaona tangazo la Uingereza, kabadilisha pauni kuwa shilingi, na sasa anaamini babu aliacha utajiri uani.

Ukweli ni kwamba Land Rover mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kupishana bei mara tano, na anayezitazama kwa macho tu asione sababu. Sababu ipo, na inaelezeka.

Tuanze na umri. Gari kuukuu na gari la kale ni vitu viwili. Shirikisho la kimataifa la vyama vya magari ya kale, FIVA, linalihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali inayofanana na lilivyotoka kiwandani, na likiwa si usafiri wa kila siku. Umri peke yake hautoshi. Wakusanyaji wa Uingereza ni wakali zaidi kwa majina: kwao vinteji ni gari lililotengenezwa kati ya 1919 na 1930, kwa hiyo Land Rover yoyote, hata ile ya kwanza kabisa, si vinteji kwa hesabu yao. Hapa kwetu neno hilo linatumika kwa gari lolote la zamani lililong'arishwa, na hakuna ubaya, ili mradi usiliandike kwenye tangazo la kuuzia nje ukidhani litakuongezea bei.

Kuna miaka mingine inayogusa mfuko. Marekani huruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingia bila kutimiza viwango vyao vya usalama vya magari mapya. Ujerumani hutoa namba maalumu yenye herufi H kwa gari la miaka 30 lililo katika hali ya asili. Uingereza, gari likipita miaka 40 mmiliki anaweza kuomba lisilipiwe kodi ya barabara ya kila mwaka. Gari likivuka mstari mmojawapo, wanunuzi wapya huingia sokoni na bei hupanda. Afrika Mashariki mambo yako kinyume, umri ni mzigo forodhani. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania huongeza ushuru kadiri gari linavyozeeka. Ndiyo maana magari ya kale yanayouzwa hapa ni yale yaliyoingia zamani yakabaki, nayo hayaongezeki.

Land Rover zinazozungumzwa humu ni za Series, zile za springi za majani. Series I ilitoka 1948, Series II mwaka 1958, IIA mwishoni mwa 1961, na III kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 88 na 109 ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi. Taa kubwa zikiwa katikati, pembeni mwa grili, hiyo ni ya zamani zaidi. Zilihamia kwenye mabawa, yaani mabati yanayofunika magurudumu ya mbele, mwishoni mwa IIA. Grili ya plastiki ni ya Series III. Ile 110 ya springi za mviringo ilianza 1983 na ina soko lake tofauti, nami siigusi hapa.

Sasa kiini cha mkanganyiko. Anayenunua gari la kale ananunua vitu vitatu kwa pamoja: utambulisho wake kwenye karatasi, chesisi yake, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, na mashine yake. Wengi huanza na mashine. Wanafungua boneti, wanasikiliza injini, wanasifia rangi, wanatoa hela. Wamekwenda kinyumenyume. Fikiria mtu anayenunua nyumba: bati na milango hubadilishwa wakati wowote, lakini msingi ukiwa umekaa vibaya, au kiwanja kina mgogoro, hakuna fundi wa kukuokoa. Injini ya Land Rover inafunguliwa na kufungwa gereji yoyote nzuri ya Arusha au Morogoro. Chesisi iliyooza inakula fedha kuliko gari lenyewe. Karatasi mbovu wakati mwingine hazitengenezeki kabisa.

Karatasi kwanza

Kabla hujatoa nauli ya kwenda kuliona gari, omba picha ya kadi. Kadi ya usajili ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina jina la mmiliki, namba ya chesisi, namba ya injini, mwaka na rangi. Ukifika, linganisha kila namba kwa macho yako. Kwenye Series II na III namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi, na mara nyingi imefunikwa na tope, grisi na rangi. Ifute kwa brashi ya waya taratibu na kitambaa chenye mafuta ya taa. Usitumie msasa wala grainda, maana namba iliyokwaruzwa itakutia mashakani siku utakapouza. Kile kibati chenye namba kilichopigwa ripiti ndani ya gari si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa kinahamishika kutoka gari moja hadi jingine kwa dakika kumi.

Tarakimu tatu za mwanzo zina maana yake. Kwenye Series III ya petroli, 902 ni 88 ya usukani wa kulia iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, na 912 ni 109 ya namna hiyohiyo. Zinazoanza na 903 au 913 zilisafirishwa zikiwa vipande na kuunganishwa nje ya Uingereza. Kadi ikisema gari ni 88 na namba ikaanza na 912, umekuta gari mbili zilizounganishwa kuwa moja, au kadi ya gari jingine. Kuanzia mwishoni mwa 1979 utaratibu ulibadilika kuwa namba ndefu inayochanganya herufi na tarakimu, na baadaye ikawa ile ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na SAL.

Baada ya namba, jina. Mara nyingi aliyeandikwa kwenye kadi alishafariki, na anayeuza ni mtoto au mpwa. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi kuuza gari. Kikao humpendekeza msimamizi, lakini mamlaka ya kuuza hutolewa na mahakama kwa hati ya usimamizi wa mirathi. Anayeuza bila hati hiyo anauza asichokuwa na haki ya kukiuza, hata kama ndiye aliyeliendesha miaka yote, na ndugu mmoja akijitokeza baadaye wewe ndiye utakayepoteza. Hapa heshima inasaidia kuliko haraka. Msalimie mama mwenye nyumba, keti, uliza habari za marehemu na za gari, kisha sema waziwazi: "Mama, mimi nipo tayari kununua, ila naomba kwanza tukamilishe ya mirathi." Familia nyingi zitakuelewa, na ukigharamia sehemu ya usumbufu wa kwenda mahakamani, mara nyingi bei hupungua.

Kundi jingine ni Land Rover zilizotoka serikalini, kwenye mashirika ya umma, misheni na mashamba ya mkonge. Zilizouzwa kwa mnada ziwe na karatasi za mnada: idhini ya kuuza, risiti ya malipo na jina la aliyeshinda. Ukiambiwa "lilikuwa la shirika, karatasi zilipotea", uliza shirika gani, na kama bado lipo uende ofisini kwao mwenyewe. Gari lenye namba za mfumo wa zamani, zile za TZ, ambalo halikuwahi kuhamishiwa kwenye mfumo wa sasa, ulizia TRA kwanza kabla hujalipa hata senti ya kishika nafasi.

Gari lisilo na kadi wala njia ya kuipata ni la spea. Lipia bei ya spea.

Chesisi: lala chini ulitazame

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Land Rover haishiki kutu kwa kuwa ni ya aluminiamu. Bodi ndiyo ya aluminiamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, aluminiamu ikapatikana kwa wepesi zaidi, kiwanda kikaitumia kwa mabawa, milango, boneti na sanduku la nyuma. Chesisi inayobeba vyote hivyo ni ya chuma. Tena si chuma kizito kama wengi wanavyodhani: ni mabati yenye unene wa karibu milimita 2, yaliyochomelewa kutengeneza sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na tope huingia kwenye uwazi huo, hukaa, na kutu huanza ndani ikitoka nje. Ndiyo sababu chesisi inayopendeza kwa nje inaweza kuwa imebaki maganda.

Chukua nyundo ndogo, tochi, sumaku na kipande cha boksi cha kulalia. Anza nyuma kabisa, kwenye mhimili wa mwisho wenye ndoano ya kuvutia, kwa kuwa ndio unaotangulia kuoza. Gonga kidogokidogo ukienda mbele. Chuma kizima hulia kama kengele ndogo. Kilichooza hutoa mlio mfu, na wakati mwingine nyundo huzama. Fuata mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, vishikio vya springi, kisha pembe mbili za mbele zinazoshika bampa. Viraka vilivyochomelewa si dhambi vikiwa vichache na safi. Viraka juu ya viraka ni tatizo, kwa kuwa maji hukaa kati ya bati la zamani na jipya na kuozesha yote mawili. Lami nzito au rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari wiki ya mauzo, ikwangue kidogo mbele ya mwenyewe. Akikataa, umeshapata jibu.

Asili ya gari inabadilisha mengi. Lililoishi Dodoma au Singida mara nyingi lina chesisi ya kushangaza, ila mipira na wayaringi vimekaushwa na jua. Lililoishi Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar limevuta hewa ya chumvi, na kila sentimita yake inastahili kugongwa.

Pima pia kama imepinda. Chukua futi kamba, pima kutoka bolti ya springi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana. Tofauti ya milimita chache inavumilika. Ikiwa sentimita nzima au zaidi, gari lilipata ajali au liliwahi kuvutwa vibaya, na matairi yatalika upande maisha yake yote.

Kiungo cha pili cha chuma ni ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Unabeba kioo cha mbele, bawaba za milango, pedali na usukani, na kuubadilisha ni kulivua gari nusu nzima. Hapo ndipo sumaku inapofanya kazi. Kwenye paneli za aluminiamu za bodi sumaku isinate. Ikinata kwenye bawa, bawa hilo si la asili. Kwenye ukuta huu inate kila mahali. Pale inapoteleza, hasa chini ya miguu na kwenye nguzo za milango, chuma kimekwisha na unachokiona ni puti iliyopakwa rangi.

Aluminiamu nayo ina ugonjwa wake. Inapogusana na chuma kukiwa na unyevu wenye chumvi, inaliwa. Utaona rangi imevimba na ukiibonyeza unatoka unga mweupe, mara nyingi chini ya milango na kwenye kingo zilizopigwa ripiti. Ukitengeneza, weka mpira mwembamba au rangi nzito kati ya metali hizo mbili, la sivyo itarudi.

Angalizo moja kwa wapenzi wa magari mengine. Peugeot 504 na Kombi ya Volkswagen hazina chesisi inayojitegemea namna hii. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Kutu ya sakafu au ya vizingiti vya milango, ambayo kwenye Land Rover ingekuwa usumbufu tu, kwenye 504 ni uti wa mgongo unaooza.

Mashine

Shika injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema kukuficha tabia yake ya asubuhi. Zunguka, kunywa chai, irudie imepoa. Injini ya petroli ya lita 2.25 ni ya kusamehe mno. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ringi za pistoni au virija vinavyoongoza valvu vimechoka. Moshi mweupe mzito usiokoma injini ikiwa ya moto ni maji, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Mweusi ni petroli nyingi, kabureta inahitaji marekebisho. Fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne: silinda dhaifu ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, panga kuifungua. Injini za kuanzia 1980 zina krankishafti ya beringi tano badala ya tatu na hutulia zaidi, lakini mkusanyaji hazilipii zaidi.

Kuvuja oili ni kawaida ya Land Rover. Iliyo kavu kabisa huenda haina oili.

Endesha mteremkoni ukiwa gia ya pili kisha ya tatu, uachie mafuta. Gia ikichomoka yenyewe, giaboksi imechoka, na kazi hiyo ni ghali kuliko injini kwa kuwa spea zake ni ngumu na mafundi wanaozijua wamepungua. Kata kona uone kama usukani unajirudi. Usiporudi, pengine kile kiungo cha usukani kilichozama ndani ya mhimili wa mbele kimeganda, na kukitoa kunaweza kuchukua siku nzima ya moto na nyundo. Tazama mipira mikubwa ya chuma inayong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele: ikiwa na vishimo, itakula sili na kumwaga oili hadi ibadilishwe.

Suala la injini ya Toyota au Isuzu iliyopandikizwa huleta ubishi mwingi. Kwa mtu wa Loliondo anayebeba abiria na mbuzi, dizeli ya Toyota ni baraka. Kwa mkusanyaji inashusha bei, na ikiwa namba yake haijaingizwa kwenye kadi, inazuia hata uhamisho. Iwapo injini ya asili ipo, hata imekufa, idai iwe sehemu ya mauzo.

Bei inatoka wapi

Hakuna kitabu cha bei. Kinachopandisha ni ukamilifu, uasili na ushahidi. Gari lisilotembea lakini kamili mara nyingi ni nunuo zuri kuliko linalotembea lililobadilishwa kila kitu, kwa sababu vitu vidogo ndivyo vinavyosumbua: dashibodi ya asili, fremu za vioo, bawaba, na kwenye 109 ya familia lile paa la tabaka mbili lililobuniwa kwa nchi za joto. Paa hilo likiwepo zima, thamani imepanda tayari.

Rangi mpya haiongezi bei kama wauzaji wanavyodhani. Mnunuzi mzoefu huiogopa, maana inaficha. Land Rover yenye rangi yake ya kiwandani iliyofifia, hata ina michubuko, huvutia wakusanyaji kuliko iliyopigwa nyekundu inayometa, na mimi nipo upande wao: rangi ya asili hupatikana mara moja tu.

Ushahidi ni karatasi na picha. Makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon hutoa cheti kwa malipo kinachoonyesha tarehe gari lilipotoka kiwandani, rangi yake ya kwanza na lilikopelekwa. Hadithi isiyo na karatasi haina bei. Ndivyo ilivyo kwa kila 504 inayodaiwa kuwa "ya Safari Rally". Peugeot ilishinda mashindano hayo kwa 504 ya kawaida mwaka 1975, na ile iliyoshinda 1978 ilikuwa kupe ya injini ya V6, gari tofauti kabisa na 504 za teksi. Bila picha inayoonyesha namba ya gari, usilipie hadithi.

Zile bei za Uingereza zinamlaghai muuzaji kwa sababu ni za gari lililokwishatengenezwa, lenye historia, lililoko kulekule. Toa usafiri, ushuru na matengenezo, uone kinachobaki. Zaidi ya hayo, magari yetu ni ya usukani wa kulia, na wanunuzi wengi wa Marekani na Ujerumani wanataka wa kushoto. Turufu yetu ni chesisi kavu za bara. Hiyo ndiyo ya kuipiga picha, kwa ukaribu na kwa mwanga wa kutosha.

Kuhusu matengenezo, kadiria spea na kazi, kisha ongeza theluthi. Kulifufua gari hadi mwisho karibu kila mara hugharimu kuliko bei utakayouzia, na stakabadhi zako si bei ya gari. Anayetaka asipoteze anunue lililo zima zaidi kwa fedha alizonazo, alitunze, alitumie.

Unapouza

Usilipige rangi. Lioshe, litengenezee breki, kisha piga picha za kasoro zote pamoja na uzuri wake. Anayesafiri kutoka Mwanza akakuta shimo ambalo hakuambiwa atashusha bei kwa hasira, si kwa hesabu. Mnunuzi wa Nairobi au Kampala mwambie aulize forodha ya kwao kabla hajalipa, kwa ajili ya vile vikomo vya umri. Gari likienda nje moja kwa moja, fuata kwanza utaratibu wa TRA wa kulifuta kwenye usajili.

Dalali akikuletea mteja, mkubaliane ujira wake kabla bei haijatajwa, na fedha za gari zipite benki kati ya mnunuzi na mwenye gari. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, ukiwa na namba za chesisi na injini, vitambulisho na namba za mlipakodi (TIN) za pande zote mbili. Usimkabidhi mtu kadi na mkataba uliosainiwa ukiwa na nafasi ya jina iliyoachwa wazi ili "atamalizia mwenyewe". Kadi ikiendelea kusoma jina lako, faini za barabarani zitaandikwa kwako, na likigonga mtu polisi wataanza kukutafuta wewe. Sukumeni uhamisho TRA hadi kadi mpya itoke, ndipo ufunguo wa akiba nao ukabidhiwe.